Kiti cha Baba na Rangi ya Ofisi

"Weka chini hicho kiti! Mali ya kijiji hiyo!"

"Cha marehemu baba, Ndugu Katibu! Mama yangu sasa hivi anachambua maharage amekalia debe!"

"Rangi gani hiyo? Si umesoma wewe?"

"Kijani."

"Na viti vya ofisi?"

"Kijani."

"Basi!"

Kosa langu, sikatai. Tangu nimalize fomu foo nipo nipo tu, mikono inaniwasha. Sadoki, yule fundi rangi kutoka Mbeya, alipomaliza kupaka ofisi ya kijiji akanipa masalia ya kopo. Nikasema ngoja nikifufue kiti cha mama, kimechakaa mno. Nikakipaka, nikakianika nje. Vijana wa kijiji wakapita kukusanya viti vya ofisi vilivyoazimwa majumbani, maana mkuu wa wilaya anakuja kesho. Wakakikuta kinang'aa juani, wakakibeba nacho.

Sasa humu ofisini Katibu Wilibrodi kashika mgongo wa kiti, mimi miguu, tunavutana.

"Ushahidi uko wapi?"

Nikachomoa kisu mfukoni, nikaanza kukwangua pembeni.

"We! Unaharibu mali ya umma!"

Kijani ikabanduka kama ganda la kiazi. Chini yake ikatokea nyeupe. Hiyo chokaa ya Krismasi. Baba akishapaka ukuta, inayobaki kwenye ndoo anamalizia kwenye kiti. Tulikuwa bado tunakaa kule Mwazye, hatujahamishiwa huku. Nyumba nzima inanuka chokaa na pombe ya ulezi, mama anaimba, na upepo wa kule unavyopiga, mpaka unasahau njaa.

"Nyeupe hata zahanati wanayo," akasema Katibu.

Nikakwangua tena. Bluu.

Katibu akaigusa kwa kidole, taratibu, kama vile bado mbichi.

"Harusi ya dada yako Silvana," akasema.

"Ulikuwepo?"

"Nilikikalia hiki kabla hakijakauka! Nimecheza ngoma saa nzima, watu wanacheka, najua wanafurahia ninavyocheza. Kumbe makalio yote bluu." Akacheka mpaka akakohoa. "Baba yako akanivuta ndani, akaniazima kaptula yake. Akaniambia, kacheze, harusi haijaisha."

Nikaiona ile siku yote. Baba na brashi mkononi, anatufokea tusikae, na yeye mwenyewe anacheka. Alikufa mwaka ule ule tuliohamia huku. Hicho kiti ndicho kitu pekee alichokibeba mwenyewe kichwani, vingine vyote vilipakiwa kwenye lori.

"Ile kaptula sijairudisha mpaka leo," Katibu akasema. Akaachia kiti.

"Na mkuu wa wilaya akipungukiwa kiti kesho?"

"Atakalia changu. Msalimie mama yako, Cornelia."

"Zimefika, mzee."

Nikakitupia kiti begani, nikatoka, mlango nikaufunga kwa kisigino.