Idhini Kutoka Mita Thelathini na Moja

Jumatano moja ya mwezi wa nane, saa tatu asubuhi, Honorine alikuwa wa nne kwenye mstari wa ofisi ya kutuma vifurushi, karibu na soko la Kolwezi, amepakata katoni ya maziwa ya unga. Ndani ya katoni mlikuwamo vidani kumi na viwili vya malakiti, jiwe la kijani la migodi ya shaba, kila kimoja kimefungwa kwa karatasi ya daftari, na mamba wa kijani mwenye urefu wa kidole. Mteja alikuwa Fidélie, mwenye duka la mapambo Lubumbashi. Aliviona kwenye simu, akaviagiza kwa simu. Wawili hao hawakuwahi kuonana.

Mtu wa kaunta aliipima katoni, akaandika uzito, kisha akauliza kilichomo.

"Malakiti," alisema Honorine. "Nachonga miye mwenyewe."

"Unauzishaka wapi?"

"Mu telefone."

Mtu wa kaunta akaweka kalamu chini. "Ah, mama. Bintu ya mu telefone sasa inaomba document." Akamwonyesha tangazo lililobandikwa kwenye kioo. Anayetengeneza kitu kwa mikono na kukiuza kwa simu nje ya mkoa alitakiwa awe na kadi ya biashara na namba ya kodi. Kama kitu ni cha jiwe, cheti cha asili ya jiwe. Na juu ya hayo, ruhusa ya kuuza mtandaoni.

"Na kama ningesema naenda nayo miye mwenyewe mu bisi?"

"Ungesema ile kwanza, mama. Sasa nimeshaandika."

Katoni ikawekwa chini ya meza. Ingekaa hapo wiki mbili. Baada ya hapo ingehesabiwa mali isiyo na mwenyewe. Fidélie naye alikuwa ameandika kwamba zikipita wiki mbili atanunua kwingine, na Honorine hakuwa na mteja mwingine wala kazi nyingine. Aliomba atoe kidani kimoja cha kuonyesha maofisini. Akaruhusiwa.

Malakiti ya Kolwezi ikishang'arishwa na kupata joto la kiganja, husema. Hutaja jina la mtu aliyeichimba na kina alichoichimbia. Watu wa mtaa wamezoea. Adolphine, jirani wa Honorine, ana pete inayosema "Gracien, mita kumi na mbili" kila anapofua nguo kwa maji ya moto, na malalamiko yake ni kwamba haina habari nyingine. Mawe yaliyochimbwa na mashine hayataji mtu. Hukohoa kidogo, basi.

Mawe ya Honorine yalichimbwa na Mechack, mume wake. Miezi kumi na minne kabla ya hapo Mechack alibaki chini, ndani ya lupango la kampuni moja, eneo lenye ukuta ambamo wachimbaji wa mkono huingia kwa kuelewana na walinzi. Siku hiyo wenzake walikuwa wamevuta gunia juu kwa kamba, na kamba ilikuwa inarudi chini kumchukua yeye, wakati udongo ulipofunga shimo. Kampuni ilitoa barua ya mistari sita. Hakuna mtu aliyekuwa ndani ya ukuta, ilisema, kwa hiyo hakuna aliyebaki.

Wachimbaji wana desturi yao. Gunia la mwisho la mtu aliyebaki chini halipimwi na timu hailigawani. Linapelekwa kwa mke wake, limefungwa kwa kamba ileile. Walimletea Honorine kwa pikipiki, wakaliweka sebuleni, wakala fufu na kuondoka. Alilitazama miezi miwili. Baba yake alikuwa mchongaji, kwa hiyo mikono yake ilijua kazi. Akanunua mashine ya kusaga, akatoboa chupa ya plastiki ili maji yadondoke juu ya jiwe na vumbi la kijani lisiingie kifuani. Umeme wa bwawa la Nzilo hupita juu ya paa lake kwenye nyaya nene kuelekea migodini. Kwake huja siku tatu kwa wiki. Siku hizo alifanya kazi.

Kidani cha kwanza kilipong'aa, alikishika, kikasema: "Mechack, mita makumi tatu na moja. Honorine, mvula iko nanyesha?"

Mchimbaji huuliza hivyo kwanza, kwa sababu mvua huangusha mashimo. Honorine akasema hapana, akachukua jiwe la pili.

Mawe ya wachimbaji waliotoka salama hutaja jina na mita, yakanyamaza. Ya Mechack yalijibu ukiyauliza, kwa sababu yeye bado alikuwa kule.

Alhamisi Honorine alikwenda kwenye jengo lenye ofisi zote. Orofa ya pili alimkuta mzee aliyeitwa tata Blanchard, karani mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Alipokea kadi ya mpiga kura, karatasi ya makazi na picha nne. Akazipanga, akazigonga mezani zikae sawa.

"Na autorisation ya bwana yako, karatasi yake ya kukubali."

"Ile sheria balitosha, tata, balishaifuta. Nilisikia ku radio. Miaka mingi sasa."

"Balitosha, ndiyo. Sheria ilibadilika kule Kinshasa. Lakini formulaire yetu ni ya zamani, iko na kafasi ka bwana. Kama kafasi kako butupu, chef hasaini." Akamwonyesha kwenye fomu nafasi ya mume.

"Bwana yangu alikufa."

"Pole, mama. Basi iko mwepesi. Leta acte de décès, cheti ya kifo."

"Ku bureau ya commune balikatala kunipa. Banasema hakuna mutu alikufa kule, juu hakuna mutu alikuwa kule."

Blanchard alitikisa kichwa polepole. Barua ya mistari sita aliijua. Mwezi huo alikuwa ameikuta katika mafaili mengine manne.

"Sasa, mama, weye uko mujane ao uko na bwana?"

"Miye sijue. Formulaire inasema nini?"

"Inasema uko na bwana."

Honorine akatoa kidani mfukoni, akakiweka juu ya meza. Blanchard alikichukua bila kuuliza, akakifumbata, akangoja kama mtu anayengoja simu ishike mtandao.

"Mechack," kidani kilisema, "mita makumi tatu na moja. Mvula iko nanyesha?"

"Hapana, tata. Uko huku mu bureau. Bibi yako anataka kuuzisha bintu mu telefone. Unakubali?"

"Bintu gani?"

"Malakiti."

"Ile ya gunia yangu?"

"Ya gunia yako," Honorine alisema.

Mwanamke aliyekuwa nyuma kwenye mstari, mwenye sabuni za kuuza ndani ya ndoo, akauliza kama bwana huyo atafikiri mpaka saa sita.

"Umuache afikiri," alisema mwenzake. "Wa kwangu iko juu ya udongo, na tangu juzi namuuliza pesa ya chumvi, hajajibu."

Watu wakacheka. Blanchard pia alicheka kidogo, mkono bado umefumbatwa.

"Nakubali," kidani kilisema. "Nani angemukataza huyu?"

Blanchard aliandika kwenye nafasi ya mume: yupo, amekubali kwa mdomo. Palipoandikwa anwani ya mume akasita. Mita haikuwa anwani. Akaandika anwani ya Honorine, akagonga muhuri, akamwelekeza orofa ya chini, mlango wa mawe.

Mlango wa mawe ulikuwa wa madame Tatiana. Alikuwa anakula karanga kutoka kwenye gazeti, na alimkaribisha Honorine ale. Honorine akachukua tatu. Tatiana akachukua kidani, akakigeuza, akasifu mistari yake, kisha akakifumbata kama Blanchard. Kikataja jina na mita. Tatiana akauliza ni kariere gani, yaani machimbo gani. Kidani kikaeleza vizuri: ndani ya lupango, upande wa kusini, shimo la tatu kutoka kwenye tanki la maji, na kwamba kamba ilikuwa fupi.

"Ile siwezi kuandika," alisema Tatiana.

"Juu ya nini, mama?"

"Kule ndani hakuna bachimbaji. Iko barua."

"Lakini ku orofa ya pili balimusikia. Balimuuliza, alijibu, baliandika."

"Kule juu alisema kama bwana ya mutu. Bwana iko na haki ya kusema. Hapa anasema kama mchimbaji, na hana carte ya kuchimba." Tatiana hakusema kwa ukali. Alikuwa akieleza jambo ambalo alikuwa amelieleza mara nyingi. "Tena mama, jiwe haiwezi kujitolea ushahidi. Kama ingekuwa vile, mashine zetu za kupima mawe zingefanya kazi gani?"

Akavuta fomu. Zilikuwapo sehemu nne zilizoruhusiwa kuchimbwa na watu wa mkono, na fomu ilitaka mojawapo. Tatiana alipendekeza ile ya karibu na Tenke, kwa sababu mawe yake yanafanana. Chini kulikuwa na mstari wa Honorine kuapa kwamba jiwe lilitoka huko na si kwingine.

Honorine alishika kalamu muda mrefu. Nje ya dirisha lori la mgodi lilipita, kisha la pili, kisha la tatu, na vumbi likaingia likatua juu ya karanga. Hakuna aliyepiga hatua kulifunga dirisha.

"Banaandika nini?" Mechack aliuliza kutoka kiganjani mwa Tatiana.

"Banaandika ulichimba Tenke," alisema Honorine.

"Sijafika Tenke hata siku moja."

"Najua."

"Kama husaini?"

"Katoni inapotea. Na ile yote ya gunia inabaki mu nyumba, haiuzishwi."

Tatiana aliangalia ukuta, kama watu wanavyofanya mume na mke wanapozungumza mambo yao.

"Saini, Honorine," alisema Mechack. "Nilichoka kubeba ile gunia. Isirudi chini."

Akasaini. Tatiana akafuta vumbi kwenye cheti kwa upande wa mkono, akamrudishia kidani na kumtakia kazi njema.

Ijumaa Blanchard alimpa kadi ya biashara na namba ya kodi, kisha akakamilisha ruhusa ya mtandaoni. Alimweleza kwamba kila picha atakayoweka kwenye simu lazima iwe na jina lake, namba yake na asili ya jiwe, na kwamba asili iliyoandikwa lazima ilingane na cheti. Hapo kulikuwa na tatizo. Mnunuzi akishika kidani na kukiuliza, kitataja mahali pengine, na mnunuzi ana haki ya kushtaki. Blanchard alikuwa amelifikiria usiku kucha kitandani, alisema, na amepata njia. Alimpa sentensi ya kuandika chini ya kila picha na kwenye kila karatasi ya kufungia. Honorine aliinakili polepole kwa herufi kubwa: Maneno ya bidhaa si tamko la muuzaji.

"Ndiyo hivi kila mutu analala muzuri," alisema Blanchard, akavua miwani na kusugua macho.

Katoni iliondoka Jumatatu. Fidélie alipokea, akaagiza vingine ishirini. Sheria ilifuatwa, na hakuna aliyemsumbua Honorine tena. Mwezi wa kumi Fidélie alituma ujumbe wa sauti: wateja wanapenda, lakini vidani vinauliza kila mara kama mvua inanyesha, na wauzaji wake hawajui wajibu nini.

"Bamwambie hapana," Honorine alijibu. Ilimbidi arudie mara mbili, kwa sababu mvua ilikuwa inapiga mabati na sauti haikusikika.

Mwezi huohuo ndugu za Mechack walituma neno kutoka Lubudi. Walitaka kujua ni lini kilio kitafungwa, ili mjane aachiliwe na kila mtu aendelee na maisha. Honorine aliwajibu kwamba kwa serikali kilio hakijaanza. Hata hivyo alirudi commune kujaribu tena, na safari hii alikuwa na tumaini dogo, kwa kuwa sasa ofisi nzima ya Blanchard ilikuwa imesikia sauti ya Mechack na mahali alipo. Karani wa commune, mwanamke aitwaye Mbelu, alifungua faili lililoletwa kutoka kwa Blanchard, akasoma, akaligeuza ili Honorine asome naye. Mume yupo. Amekubali kwa mdomo. Tarehe ya mwezi wa nane.

"Mutu alikufa mwaka jana, na mwezi wa nane anatoa autorisation?" alisema Mbelu. "Mama, unataka bakufunge? Rudi kwako, umwangalie bwana yako muzuri."

Honorine alikunja karatasi zake. Alipita sokoni, akanunua msasa laini.

Gunia lilipungua. Alichonga samaki, mayai, misalaba ya wakatoliki na ya waprotestanti, visanduku vya pete. Vyote viliondoka na cheti cha Tenke na sentensi ya Blanchard. Kabla ya mwisho wa mwaka alisoma nyuma ya ruhusa yake na kuona kwamba inafanywa upya kila Januari, kwa fomu ileile yenye nafasi ya mume. Siku hiyo alikuwa na mawe manane. Akasaga saba ya kuuza mwaka mpya. La nane alilichonga kidani kisicho na tundu la uzi, ili mtu asije akalitaka, na hakulipiga picha.

Januari alipanga mstari tangu saa kumi na mbili asubuhi. Watu walikuwa wengi, kila mtu na faili lake. Alikishika kidani mkononi ili kipate joto mapema.

"Tuko ba ngapi?" Mechack aliuliza.

"Ba makumi ine na mbili."

"Tungoje."

Wakangoja. Saa saba Blanchard aliwapokea, na kwa heshima ya mwaka mpya alisimama.

"Bonne année, tata Mechack. Habari ya kule?"

"Tuko tu."

"Unakubali tena?"

"Nakubali."

Blanchard akaandika kwamba mume yupo, afya nzuri, amekubali kwa mdomo, akagonga muhuri na kumwita wa arobaini na tatu.