Bahasha ya Kadi ya Mwendo

Wivu ukishaingia tumboni hauombi chakula, unajipakulia wenyewe. Wa Mama Stoo ulikuwa umekula siku tatu mfululizo, tangu kifurushi kilipofika getini na meneja akakipakata kama mtoto mchanga.

Ndani yake mlikuwa na kadi. Si ya harusi. Ni bamba la kijani, ukubwa wa daftari, limejaa vidude vya umeme. Kazi yake kuhesabu mwendo wa turbini. Turbini ya kiwanda hicho cha karatasi ilikuwa kuukuu hata wafanyakazi wakaiita Bibi. Waliomtengeneza Bibi waliacha zamani kutengeneza kadi zake, na barua hawajibu tena. Kadi ya mwendo ilipoungua, Bibi alilala, na kiwanda kizima kikalala naye.

Miaka ishirini na miwili, Bibi akiugua, watu walikimbilia dirisha moja tu, la stoo ya vipuri. "Mama Stoo, tuokoe!" Naye huchukua funguo taratibu, hukohoa kidogo, huingia ndani, hurudi na kadi iliyofungwa kitambaa. Safari hii alirudi mikono mitupu. Akiba ilikuwa imekwisha.

Aliyepata nyingine ni wifi yake, mke wa mdogo wake, mwajiriwa wa juzi tu wa ofisi ya manunuzi. Alipiga simu wiki nzima, huku na huko, mpaka akagundua kiwanda cha sukari kilichofungwa, ambako turbini iliyofanana na Bibi ilikuwa ikisubiri kuuzwa kama chuma chakavu. Akawasihi waichomoe kadi kabla hawajaipeleka turbini kwenye mizani.

"Wifi yako kiboko!" kila apitaye dirishani alisema.

"Eee," alijibu Mama Stoo. "Na kiboko ana meno."

Moyoni alisema: kwanza alinichukulia mdogo wangu niliyembeba mgongoni, nikamfundisha vitendawili hata kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Sasa kanichukulia na dirisha.

Jana wifi alikuja dirishani.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba."

"Mafundi wanasema kila kadi uliichorea bahasha. Ya hii iliyoungua ipo?"

Ilikuwepo. Kila kadi ya aina ile ina vidaraja, vijipande vidogo kama punje za mchele, vinavyochomekwa hapa au pale ili kadi ijue iko kwenye mtambo gani. Kadi mbili huweza kufanana kila kitu, lakini vidaraja vikikaa kwingine, hesabu nazo ni nyingine. Vya kadi iliyoungua viliyeyuka, havisomeki. Mahali pake palibaki pamechorwa penseli juu ya bahasha, na chini yake limeandikwa jina la aliyeleta kadi. Hakuna aliyemwagiza Mama Stoo kuchora. Alimwona fundi mmoja wa zamani akifanya hivyo, naye akaendelea.

"Bahasha?" alisema, akiisukuma droo kwa goti. "Labda panya wamekula."

Wifi alimtazama kidogo, akashukuru, akaenda zake.

Asubuhi ya leo mdogo wake, ambaye ndiye fundi wa kadi, aliinama dirishani.

"Dada, saa sita tunamwasha Bibi. Mimi ndiye nitakayesimama naye."

"Vidaraja je?"

"Tumeviacha vilivyokuja. Si bahasha imeliwa na panya?" Alisema bila kinyongo, maana dada yake hajawahi kumdanganya. "Hebu nitegee kimoja cha bahati."

Mama Stoo aliigusa droo kwa goti. "Kitendawili."

"Tega!"

"Mapacha, sura moja, nguo moja. Ukimtuma mmoja kazi ya mwenzake, nyumba inaanguka."

Alikuna kichwa, akacheka. "Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Nitakujibu ukirudi."

Akaondoka akipiga mluzi. Lile neno *ukirudi* likabaki kooni kama mwiba wa samaki. Akilini Mama Stoo alimwona Bibi akizunguka mara elfu sita kwa dakika, kadi ikisema elfu tatu, na mafundi wakiongeza mvuke mpaka apasuke. Na kando ya kile chuma, kile kichwa ambacho utotoni kililala mgongoni kwake na kumlowesha mate shingoni. Wivu ukamnong'oneza: mwache wifi aumbuke. Akaujibu kwa sauti, "Wewe, na atakayekufa ni nani?"

Akavuta droo, akakwapua bahasha, akafungua mlango mbio. Nje alikuwa amesimama wifi, karatasi mkononi.

"Vipi, wifi? Panya wameitapika?"

Mama Stoo aliibana bahasha kifuani. "Ulijua?"

"Jana ulipofunga droo, kona ilibaki nje."

"Na hukumwambia mumeo?"

"Nimwambie dada yake mwongo? Halafu nilale wapi?"

"Na kama nisingetoka?"

Wifi aliinua karatasi. "Hati ya kupokea kadi. Bila saini yangu hakuna wa kufungua mvuke. Meneja ananisaka tangu asubuhi, nimejificha chooni mara mbili. Saa sita ingefika hujatoka, ningekuja kuivunja hiyo droo."

Mama Stoo alitaka kucheka, akataka kulia. Chini ya vyote viwili wivu uliinua shingo: hata subira kanizidi!

Wakaenda pamoja. Mdogo wake alipoiona bahasha alimkazia macho dada yake. "Panya?"

"Ilianguka nyuma ya droo," wifi aliwahi kusema.

Mumewe alilinganisha mchoro na kadi. Vidaraja viwili vilikaa kwingine kabisa. Akavichomoa, akavihamisha. "Kumbe mapacha ndio hizi kadi," alisema polepole. "Dada, nirudishie mji wangu."

"Mji umeshaliwa na panya," alijibu Mama Stoo, na mwenyewe hakucheka.

Wifi akasaini. Bibi akaamshwa. Namba zikapanda taratibu, zikasimama pale pale zinapotakiwa, na sakafu ikaanza kutetemeka kama zamani. Meneja akampa mkono wifi. "Kiboko!"

"Ni bahasha ya Mama Stoo!" wifi alipaza sauti, lakini Bibi alikuwa akinguruma, wala meneja hakusikia. Aliyesikia ni mmoja tu.

Mama Stoo alirudi kwenye meza yake, akatoa bahasha mpya ya kadi hii. Akachora vidaraja vyote, kimoja kimoja, penseli mkononi imetulia. Ilipofika sehemu ya jina aliilamba penseli. Kisha akaandika *Imeletwa na wifi*, akikandamiza sana hadi ncha ikavunjika kabla ya herufi ya mwisho.

Akaichonga penseli, akamalizia.