Kidani Kilichokataa Kulala

Kwetu huku Dakota, sisi wenyeji wa asili wa Marekani, mwenye hasira hashiki sindano ya shanga. Pika na hasira zako, fua nazo, endesha gari huku ukimwaga matusi barabara nzima, hakuna atakayekuuliza. Lakini shanga, hapana! Kilicho moyoni hushuka mkononi, kikaingia kwenye uzi, na atakayevaa ndiye atakayekibeba. Kila bibi humwambia mjukuu wake hivyo siku anapomkabidhi sindano ya kwanza. Arvella aliambiwa angali mdogo, naye amewaambia wengine wengi tu. Na bado, Jumatano ile, alikuwa amekaa kwenye meza ya jikoni kwake, amevimba kama andazi, anashona.

"Umekasirika," alisema mumewe, Orville, akiwa kwenye kiti chake karibu na jiko.

"Sijakasirika."

"Mbona uzi umekatika tena?"

"Uzi wenyewe mbovu. Siku hizi hata uzi hauna adabu."

Orville akanywa kahawa yake. Mwanamume aliyekaa na mke miaka mingi anajua pa kukomea.

Arvella hakuwa mtu wa kuuza shanga. Mchana alipika katika jiko la shule, jioni akajikalia na vikopo vyake vya rangi, akaipumzisha akili. Alichokishona alikigawa: hereni kwa huyu, bangili kwa yule. Safari hii kilikuwa kidani cha duara, upana wa kiganja, chenye nyota ya buluu. Kidani cha namna hiyo kinaanza na ushanga mmoja katikati ya ngozi laini, kisha unauzungushia wenzake, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka uchoke wewe au iishe ngozi. Kikikamilika kinalala kifuani bapa.

Kilikuwa cha Tashina, binti wa kaka yake Delmar. Delmar alifariki kiangazi kilichopita. Tashina alianza kucheza ngoma kabla hajajua kufunga viatu, lakini tangu wamzike baba yake amekuwa akikaa pembeni na shali yake ya kuchezea magotini, kama msiba unavyotaka. Jumamosi mwaka ulikuwa unatimia, na mtoto angerudi uwanjani. Alikuwa amesema neno moja tu: "Nitaingia na kidani cha shangazi. Bila hicho, siingii." Aliyemjua baba yake alijua huyo habembelezwi.

Basi kazi ilikwenda vizuri mpaka Jumatatu. Jumatatu akaja Marlys.

Marlys ni mjane wa Delmar, wifi yake Arvella, na wifi kwetu ni mtani. Siku ya kwanza Delmar alipomleta nyumbani, Arvella alimtazama juu mpaka chini, akamuuliza kaka yake, "Huyu umemwokota, au walikuongezea uliponunua matairi?" Marlys hata hakupepesa macho. "Nilikuja kutafuta mume," alisema, "sikujua nitaongezewa bundi juu yake." Delmar akacheka. Kicheko chake kilikuwa kinakwama kwanza kooni, kinajaribu tena, kinakwama, kama pikapu kuukuu asubuhi ya barafu, halafu kinawaka ghafla mpaka majirani wanageuka. Toka siku hiyo wanawake wale wawili hawakuwahi kusalimiana kistaarabu. Ndivyo walivyopendana.

Tangu mazishi, Marlys aligeuka. Ikawa "asante sana," ikawa "samahani kwa usumbufu." Arvella alitupa uchokozi mara moja, mara mbili, haukuokotwa. Akajiambia msiba ni msiba, mwache mtu apumue. Lakini Jumatatu ile Marlys alisimama mlangoni kama mtu wa ofisini, akapiga hatua moja ndani, akaweka bahasha mezani.

"Ya kidani," alisema. "Najua shanga ni ghali. Asante kwa kumkumbuka mwanangu." Akaondoka kabla Arvella hajapata mdomo wa kujibu.

Alipe! Shangazi alipwe kwa kumvika mtoto wa kaka yake! Ni nani asiyejua kwamba hiyo ni kazi ya shangazi toka dunia iumbwe? Na hiyo "mwanangu" peke yake, kama kwamba Delmar hakuzaliwa tumbo moja na mtu! Ilimuuma Arvella, ikamuuma tena alipolala, na alipoamka aliikuta inamngoja.

Jumatano hiyo alifunga mzunguko wa mwisho wa nyota, akakiweka kidani mezani. Hakikulala. Ukingo ulinyanyuka pande zote, katikati pakabonyea. Alikibonyeza kwa kiganja, kikajirudia. Hasira ilikuwa imevuta uzi. Akafumua mizunguko miwili, akachoma majani ya nyikani akajifukiza kujitakasa, akavuta pumzi kama mtu mwema, akashona upya. Kikabonyea zaidi.

"Loo!" Arvella akaitupa sindano. "Mtoto hataingia, Orville. Kwa mikono yangu mwenyewe hataingia."

"Hasira hasara," alisema Orville. "Nenda kwa Marlys."

"Nikafanye nini kwa yule?"

"Ukamtukane. Mtukane vizuri, umalize, halafu urudi ushone."

Arvella alimtazama kuona kama anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. Basi akafunga kidani na vikopo vyake kwenye kitambaa, akachukua bahasha, akaenda.

Marlys alifungua mlango akiwa na unga mikononi. "Karibu, wifi. Keti tafadhali. Nikuletee kahawa?"

"Usiniletee kahawa, wala usinipe tafadhali yako!" Arvella aliipiga bahasha mezani. "Mimi ni fundi wako? Mimi ni duka? Mwaka mzima umeninyima matusi yangu, Marlys. Mwaka mzima! Unanisalimia kama mchungaji. Nilizika kaka, sikujua nimezika na wifi pia."

Marlys alipangusa mikono kwenye aproni, polepole, kidole kimoja kimoja. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Bado mimi ni wifi yako?" aliuliza.

"Swali gani hilo?"

"Aliyetuunganisha yuko chini ya udongo. Hakuna mtu aliyeniambia kama bado nina haki na vitu vyenu. Nikasema nilipe, nisije nikaonekana ninang'ang'ania pasipo pangu." "Na kutania, mwenzangu, nimejaribu. Siku ile ya supu yako ya utumbo nilikuwa na neno tamu, lilikuwa hapa kwenye ulimi. Nikajiuliza, nikilisema atacheka nani? Sisi tulikuwa tunatukanana, lakini aliyekuwa anacheka ni yeye."

Arvella aliona aibu, na huruma, na bado hasira kidogo, vyote kwa pamoja. Mwaka mzima alikuwa amehesabu adabu ya Marlys kuwa kiburi, kumbe mwenzake alikuwa amesimama nje ya mlango anangoja kuambiwa aingie. Alichoweza ni kufungua kitambaa tu na kukiweka kile kidani kati yao, na aibu yake yote.

"Tazama ulichonifanyia," alisema. "Nimekishona nikiwa nimekukasirikia. Jumamosi ndiyo hiyo."

Marlys akakishika. Akakigeuza juu, akakigeuza chini, akakiinua dirishani kwenye mwanga. Kona moja ya mdomo wake ikacheza.

"Wifi," alisema, "hiki ni kidani, au umemshonea mbwa bakuli?"

Arvella alifungua mdomo kujibu, lakini hakuwahi. Nyuma ya mlango wa chumbani kitu kilikwama, kikajaribu tena, kikakwama. Halafu kikawaka, kikubwa, cha kooni, kikaijaza nyumba nzima.

Wale wanawake wawili waliganda. Marlys alimshika Arvella mkono, akaubana mpaka ukauma.

Mlango ukafunguka, akatoka Tashina, kiganja mdomoni, machozi yanamtoka kwa kucheka. "Samahani," alisema. "Sikuwa nasikiliza. Yaani, nilikuwa nasikiliza. Lakini bakuli la mbwa, mama!" Kikamkwama tena kooni, kikawaka tena.

"Tangu lini anacheka hivyo?" Arvella alinong'ona.

"Sijui," alisema Marlys. "Humu ndani hakuna aliyekuwa amemchekesha."

Wakalia hapo, wote watatu, bila kuficha, na unga wa Marlys ukaingia kwenye nywele za kila mtu. Kisha Arvella akavuta kiti. Akafumua mizunguko yote ya hasira mpaka akaifikia ile ya Jumapili, akaomba taa. Marlys alipaka nyuzi nta na kumtungia sindano, akamwambia kwamba macho yake yamezeeka kuliko uso, na hilo si jambo dogo. Arvella akamjibu kwamba mikate yake ya kukaanga ni migumu, ingefaa kuzibia pancha. Tashina aliwasikiliza akiwa amekaa sakafuni, na mkono wa Arvella ukalegea, uzi ukapita kwa utaratibu wake. Kabla ya usiku wa manane kidani kilikuwa kimelala mezani bapa.

Bahasha ilibaki pale pale, hadi Marlys alipoipindua na kuweka kikombe juu yake.

Jumamosi ngoma ilipolia, Tashina alisimama ukingoni mwa uwanja, shali mabegani, nyota ya buluu kifuani. Akamtazama mama yake, akamtazama shangazi yake, halafu akaweka mguu ndani.

Watu walisimama kwa heshima. Arvella naye alisimama mbele, anafuta machozi kwa kiganja, hajali anayemwona.

"Wewe, bundi," sauti ya Marlys ilimfikia kwa nyuma, kubwa, ya kusikiwa na ukoo mzima. "Sogea. Unanizibia mtoto wetu."

Arvella hakusogea. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akamvuta wifi yake mbele.