Zamu ya Twizeyimana

Jumamosi asubuhi, salongo, ile kazi ya pamoja ya kuchimba mfereji, ilipoanza, Twizeyimana alikuja na jembe lake akashika kipande chake cha siku zote, chini ya mikaratusi. Alikuwa amezikwa tangu mwanzo wa mvua zilizopita. Wenzake walimpisha, maana kipande kile kina mawe ya volkano na hakuna aliyekitaka. Mmoja alimwambia ana udongo shingoni, naye akaupangusa.

Mjane wake, Annonciata, alimwona kutoka shambani. Akaenda kumchemshia viazi, kisha akakumbuka kwamba hali tena. Hata hivyo moyo ulimtulia. Kamati ya maji ilikuwa imemnyima zamu ya kumwagilia kwa sababu nyumba yake haikutoa mwanaume wa salongo. Mikono yake mwenyewe waliikataa. Kabeji zake, alizokuwa akizilea azipeleke sokoni Goma ili mwanawe Igihozo arudi shule, zilikuwa zimeanza kulegea. Sasa mwanaume amepatikana.

Twizeyimana alilima bila kupumzika wala kutoka jasho. Lionel, prezida wa kamati, alikagua kipande kile, akasema mbele ya wote kwamba mfereji haujawahi kulimwa vizuri hivyo. Siku ya mazishi ni yeye aliyemwombea marehemu mapumziko mema.

Annonciata akamfuata.

"Papa Prezida, mulisema nyumba ilete mwanaume. Ameshakuja."

"Ameshakuja, mama, na tunamushukuru. Lakini mufu anatumika kazi tu. Maji ni ya bazima."

"Mimi niko muzima."

"Wewe haukulima."

Watu waliinamia majembe yao. Wengine wao Twizeyimana aliwahi kuwasaidia kuvuna. Jioni maji ya zamu ile yalifunguliwa kwenye vitunguu vya Lionel. Maji yalipita kando ya kabeji zake yakimetameta, na kamati ikaweka mtu wa kuyalinda.

Kabeji ziliponyauka zote, alimngoja mumewe njiani baada ya salongo.

"Usikuye tena, Papa Igihozo. Ulale tu."

Jumamosi iliyofuata Twizeyimana alimtii, akalala. Kabla ya saa sita kamati ilifika kwa Annonciata, ikaulizia habari za nyumbani kwa adabu, ikafungua mbuzi wake wa pekee na kuondoka naye. Hiyo ilikuwa faini ya mwanaume wake kukosa salongo.

Jumamosi nyingine Twizeyimana alirudi. Alifika kabla ya wote, akaanza na yale mawe.