Hospitali ya Mezani ya Mushaki

Asubuhi moja ya mwaka 1956, Nyirabahire alikuwa amemaliza kukamua na anafukiza vibuyu vyake moshi, wakati mumewe Sebarenzi alipokohoa damu juu ya mkeka. Nyirabahire alifunika maziwa ili nzi wasiingie, kisha akaenda kumwita Gasana, mkubwa wa ngobyi.

Ngobyi ni machela ya kusuka ambayo wanaume wa kilima hubebea mgonjwa kwa zamu, na anayekwepa zamu yake hulipa pombe. Zamani walikuwa wakienda nayo hadi Masisi kwa miguu, na wagonjwa wengi walikuwa na adabu ya kufa njiani, wabebaji wakapata nafasi ya kurudi mapema. Lakini mwaka ule Mushaki palikuwa na hospitali. Mkubwa mmoja kutoka Bukavu alikuja kuikatia utepe mwenyewe, mbuzi wakaliwa, ngoma zikapigwa, na kwa watu wa Mushaki kitu kilichokatiwa utepe kimefunguliwa. Kwamba hospitali yenyewe ilikuwa ya mbao nyembamba, yenye urefu wa mkono wa mtu, na imewekwa juu ya meza katika ofisi ya Mpango, ule wa serikali wa kuendeleza Kivu, hilo halikuwa kosa lao.

Ofisini waliiita maketi, yaani mfano mdogo wa jengo ambalo lingejengwa baadaye. Mzungu aliyeisimamia, ambaye watu walimwita Bwana Mpango, alikuwa na ramani iliyojaa ukuta mzima. Nia yake ilikuwa Masisi na Walikale ziishi kwa uganga na utafiti, kama nchi nyingine zinavyoishi kwa kahawa. Kila upande ulipewa kazi. Masisi ingetoa hewa safi, maziwa na miti ya kwinini. Msitu wa Walikale ungetoa mizizi na homa. Omate, kule wanakochimba madini, ingetoa vifua vibovu vya kuchunguzwa, maana ilikuwa na akiba ya kutosha. Ulaya ingetoa maprofesa. Nani angetoa dawa, ramani haikusema, ila ilikuwa imepakwa rangi nzuri sana.

Wanaume wanne waliingia na ngobyi mabegani, wakaelekea moja kwa moja mezani. Gasana aliinamisha upande wa mbele hadi kwenye kizingiti cha ule mlango mdogo. Kadiri Sebarenzi alivyousogelea ndivyo alivyopungua, kwanza miguu, halafu tumbo, halafu kichwa, mpaka akawa na kimo cha kidole. Akashuka, akafuta nyayo, akaingia. Gustave, mwuguzi kutoka Mpofi ambaye kazi yake ilikuwa kuipangusa maketi vumbi kwa kuwa hakukuwa na mgonjwa wa kuuguza, alichungulia dirishani.

"Amepata kitanda," akasema.

"Njo vizuri," akajibu Gasana. "Tulikuwa tunaogopa itakuwa imejaa."

Wabebaji wakaenda kunywa. Habari ikatembea, na baada ya muda vilima vyote vikawa vinaleta watu wao, hata Walikale wakaja na wagonjwa mgongoni, wametapakaa matope ya msituni. Bwana Mpango alipoona nyuso madirishani hakushtuka. Alikuwa amesomea mambo ya mipango, na alijua kwamba jengo likikaa mahali panapofaa watu hulitumia. Aliagiza lenzi ya kuwatazamia.

Na walipona. Ndani hakukuwa na daktari wala kidonge, lakini katika Mpango hapakuwa na mgonjwa aliyepangiwa kufa, basi hawakufa. Sebarenzi aliacha kukohoa, akanenepa mashavu. Kila asubuhi Nyirabahire alimletea maziwa, akayadondosha dirishani kwa jani la nyasi, na Sebarenzi akalipokea tone lake kwa mikono miwili, akanywa, akamgawia wa kitanda cha pili. Sauti yake ilikuwa ndogo mno kusikika. Nyirabahire alikuwa anasoma midomo yake tu, na alipokuwa anarudi nyumbani moyo ulikuwa unamuuma. Alimpenda yule mwanaume na alimtaka nyumbani, akiwa na kimo chake chote.

"Papa Gustave," akasema siku moja, "bwana yangu amepona. Atatoka lini?"

"Mama, hii nyumba haina sorti."

"Si iko na mulango?"

"Ule njo wa kuingilia. Mulango ya kutokea iko mu faze ya pili ya Mpango, ile awamu itafuata."

"Na faze ya pili iko lini?"

"Kisha ya maonyesho ya kule Ulaya, kwenye batapeleka hii maketi."

Nyirabahire akaenda kwa Bwana Mpango, akamwomba paa lifunguliwe kidogo tu, hata kwa kisu cha jikoni, yeye mwenyewe angemtoa mumewe kwa vidole. Bwana Mpango alimpa kiti na kumsikiliza hadi mwisho, kwani alikuwa mtu mwenye heshima. Kisha akamweleza kwamba paa ni mali ya serikali. Matajiri wa Ulaya wangekuja kuitazama maketi kwenye maonyesho, na hospitali isiyo na wagonjwa ni mchezo wa watoto.

"Bwana yako anajenga inchi," akamwambia.

"Hata nyumbani kuko zizi ya kujenga," akajibu Nyirabahire.

Akaomba basi aingizwe na yeye. Bwana Mpango akachukua kile chombo cha kusikilizia kifua, ambacho hakuwa bado amemwekea mtu yeyote wa Mushaki, akamsikiliza kwa makini mbele na nyuma. Akamkuta mzima kabisa. Akasikitika naye, akamwambia kwamba Mpango haupokei wazima.

Siku ya kuipeleka Ulaya ilipofika, maketi ilifungwa ndani ya sanduku lililotobolewa matundu, maana Bwana Mpango hakuwa mtu mbaya. Kabla lori halijaondoka kuelekea Goma, Nyirabahire alipanda, akaweka mdomo kwenye tundu, akamwambia mumewe kwamba ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, na kwamba yeye yupo. Alirudi nyumbani akilia njia nzima, na hakujificha. Wiki ile ile Gasana na wenzake wakaanza tena kubeba wagonjwa hadi Masisi, na njiani mambo yakaendelea kama zamani.

Baada ya mvua kubwa kupita, Gustave alikuja zizini na gazeti. Kulikuwa na picha. Wazungu waliovaa kofia walikuwa wameizunguka maketi iliyowekwa ndani ya kioo, na kwenye dirisha moja alionekana Sebarenzi, mkono juu. Gustave akamsomea maneno ya chini. Maketi imepewa medali. Mpango wa Kivu umefaulu, vitanda vyote vina watu, kwa hiyo haionekani haja ya kujenga vingine.

"Nani anamupatia maziwa kule?" akauliza Nyirabahire.

Gustave akainamia picha. Kando ya kioo, pale pichani, palikuwa na kibao.

"Wameandika, musibapatie chakula."

Nyirabahire alikaa na gazeti magotini. Akaweka kidole kwenye ule mkono.

"Iko anasalimia, ao iko anaomba?"

Gustave akalisogeza gazeti kwenye mwanga, akatazama kwa muda. Akasema picha haikutoka vizuri.