Fomu ya Mama

Wagonjwa walimwita Sista Maswali, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kwenye chumba cha kupimia mifupa, na hukupanda kile kitanda cha mashine kabla hujamjibu. Umewahi kuvunjika mfupa tangu uwe mtu mzima? Mwaka huu umeanguka? Mzee akisema hajaanguka, Sista anamkazia macho: "Hata bafuni, baba? Hata kujikwaa tu ukajishika ukutani?" Hapo mzee hucheka, akayatoa yote. Maana mashine husema mfupa umepungua kiasi gani, lakini hatari ya kuvunjika haimo kwenye mashine peke yake, imo na kwenye majibu. Yote yakijumlishwa hutoka namba moja, na daktari huitazama hiyo kuamua nani apewe dawa ya mifupa na nani aambiwe tu ale vizuri na atembee.

Mganga hajigangi, sawa, lakini huyu alipitiliza.

Mwezi wa pili alimleta mama yake mzazi kupimwa. Siku hiyo watu walijaa benchi mpaka mlangoni, na mama akasubiri zamu kama mtu baki, kitambaa kipya kichwani, pochi mapajani. Alipoingia, Sista alishashika kalamu.

"Wewe lala tu, mama. Fomu yako naijaza mwenyewe. Nisikujue wewe, nimjue nani?"

Mama akafungua mdomo, akaufunga. Akalala.

Kuvunjika mfupa: hapana. Kuanguka: hapana. Ebo! Mtu anayewabana wazee wa watu mpaka wanakiri kujikwaa, kwa mamake anaandika hapana mbili kwa mkupuo, huku akimwita mgonjwa anayefuata! Mashine ikasema mifupa imepungua. Namba ikatoka ya kati. Daktari akasema dawa bado, watampima tena mwakani.

Mwaka haukufika. Mwezi wa saba mama aliteleza jikoni, akavunjika nyonga.

Wakampasua, wakamfunga vyuma. Mkono nao wakaupiga picha, kwa kuwa aliuangukia. Siku ya tatu daktari akamwita Sista, akaiinua ile picha dirishani.

"Mkono ni mzima. Lakini hapa kwenye kifundo cha mkono palishavunjika zamani, pakaunga vibaya. Mbona kwenye fomu yake halimo? Ningelijua hili, ningemwanzishia dawa siku ile ile."

Sista akaitazama ile fomu. Mwandiko ulikuwa wake.

Mchana akavuta kiti kando ya kitanda. Mama alikuwa ameshaambiwa kwamba atatembea kwa kushikilia fremu, na ngazi azisahau.

"Mama, mkono ulivunjika lini?"

"Mwaka wa mitihani yako ya mwisho. Nilimkataza mama yako mdogo asikupigie simu. Ungeacha mitihani uje kunifulia nguo, nakujua."

"Na kuanguka? Kabla ya hii ya jikoni?"

"Mara tatu. Mbili bafuni, moja pale mlangoni kwangu."

"Mara tatu, mama! Na hukuniambia?"

Ilimtoka kwa ukali, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Alitaka, Mungu amsamehe, kosa liwe na la mtu mwingine, hata kidogo tu.

Mama hakukasirika. Alimshika mkono.

"Siku ile pale benchi nilikuwa nakusikia unavyowauliza wenzangu. Taratibu, kwa heshima. Nikaona fahari, nikamwambia jirani yangu, yule ni wangu. Nikajua na mimi nitaulizwa. Nikayapanga kabisa, ya mkono kwanza, halafu hayo ya kuanguka."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa na haraka, mwanangu."

Sista alilia, tena kwa sauti, na sare yake ya kazi mwilini. Alijuta dakika mbili alizomnyima mamake, yeye anayewapa wapita njia dakika kumi. Alipomaliza akajifuta uso, akaenda kwenye meza ya wauguzi, akarudi na fomu mpya. Mama akaitazama, akajivuta juu kidogo kwenye mto, akaweka kitambaa chake sawa.

"Mama," Sista akasema, "umewahi kuvunjika mfupa tangu uwe mtu mzima?"

"Ndiyo," mama akajibu, kama mtu ambaye zamu yake imefika. "Andika. Wa kwanza ni mkono."