Darasa la Watu Thelathini

Kosa ni langu, na mtu asinipoze kwa kuniambia ni kazi ya Mungu. Mwaka ule habari za gesi zimeanza kuvuma Palma, huku kwetu Msumbiji, nilikuwa nafundisha wafanyakazi wapya wa jikoni kwenye kambi ya kampuni. Shefe Lourenço, mkubwa wetu wa kazi, aliniuliza darasa moja libebe watu wangapi. Nikasema kumi, kwa sababu zoezi la kuzima mafuta yanayowaka lazima kila mtu alifanye kwa mkono wake, na mablanketi ya kuzimia moto yalikuwa mawili tu. Wa kwanza kuandikwa alikuwa Lénia, binti wa Kimakonde kutoka Diaca, mpole, hana ndugu hapa mjini.

Hee! Ndugu zangu wakajaa barazani. Shemeji yangu Assane akasema kazi zote zinakwenda kwa wageni, na mimi nawafungia mlango watu wa nyumbani. Asiyepita darasani haajiriwi, hilo kila mtu alilijua. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Neno hilo nimelisikia tangu utotoni, na bado nikarudi kwa shefe nikamwambia hata thelathini wanaenea.

Wakaenea kwa kubanana. Siku ya zoezi watu wangu wakasukumana mbele, Lénia akabaki nyuma anachungulia mabegani mwa wenzake. Mpaka muda unakwisha, kumi na wanne tu ndio walioshika blanketi. Waliobaki niliwaambia mmeona, inatosha. Kisha nikakaa kitako nikatia sahihi kwamba wote thelathini wamefanya. Haya sina.

Wiki ya tatu kazini, sufuria ya mafuta ikashika moto mbele ya Lénia. Mkono uliozoea ndoo ya maji ukakimbilia ndoo. Alipomwaga, moto ukamrukia.

Nilimkuta hospitali, mikono imefungwa bandeji hadi viwikoni. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwomba radhi, halafu niende kwa shefe nikaseme ukweli. Yeye akaniwahi.

"Nisamehe, mwalimu," akasema. "Shefe kanifukuza. Kanionyesha sahihi yako, kwamba nilifundishwa. Nimekuaibisha."

Hapo ndipo pa kusema. Nikaiona kazi yangu inakwenda, na ndugu zangu wanarudishwa majumbani. Nikamfuta machozi kwa ncha ya kanga yangu, maana mwenyewe hawezi.

"Usilie, mwanangu," nikamwambia. "Nimeshakusamehe."